Muuza nanga aliyempimia binti yake hofu

Saa mbili asubuhi, mvua ya mji wa pwani wa Queilen inapiga bati kwelikweli, na Herminda Nauto amechovya kidole ndani ya kopo la tope. Analifikicha, analinusa, kisha anamtazama Arnoldo, mvuvi aliyelileta. Tangu aingie, macho ya mvuvi huyo hayajabanduka kwenye nanga kubwa kuliko zote karakanani.

"Tope lako laini kama uji. Hiyo unayoikodolea macho ni ya kwenye mawe," anamwambia. "Au unanunua ili jirani aione?"

Arnoldo anakuna kichwa, anacheka, na kuondoka na nanga bapa ya kilo kumi.

Ndivyo mama huyu wa miaka hamsini na minne anavyofanya biashara. Hakuuzii nanga wala mnyororo mpaka umletee udongo wa chini ya bahari, pale pale unapotia nanga, ulionaswa kwa timazi ya kupimia kina iliyopakwa mafuta ya nguruwe. Wengine hununa na kwenda zao. Mwezi wa mvua kama huu hauzi zaidi ya nanga sita, na kila anayeondoka mikono mitupu humuuma.

Kopo la pili mezani ni la binti yake, Nayaret. Kesho anaanza kuzamia kome kwa mashua yake mwenyewe ya mita sita, akivuta hewa kwa mpira unaotoka kwenye pampu mashuani. Nanga ikiteleza, mashua huondoka na mpira, na mpira huondoka na mtu.

Herminda anayajua hayo kuliko anavyopenda. Miaka kumi na moja iliyopita alimchagulia mumewe, Bernabé, mnyororo wa milimita kumi na tatu, masalia ya shamba la samaki. Aliona uzito ndio usalama. Bernabé aliuvuta wiki mbili, mgongo ukamshinda. Akauficha bandani bila kumwambia mkewe, akarudia nanga ya jiwe lililofungwa kwenye magongo, kama walivyofanya babu zake.

Siku moja upepo wa kaskazini ulimkuta akiwa chini. Jiwe likateleza, na mwenzake juu hakuwahi kuwasha injini. Mpira ukamkokota Bernabé hadi juu kwa kasi ambayo mwili wa mzamiaji hauihimili. Tangu siku hiyo anatembea kwa mikongojo.

"Nilichagua kwa woga," anasema Herminda. "Sikujiuliza nani atauinua."

Na bado asubuhi hii, yeye huyo huyo, amempimia Nayaret mnyororo wa unene ule ule, mita kumi na tano, na ameshaufunga kwenye nanga. Bernabé yuko kando ya jiko la kuni, mkate wa viazi mkononi, anamtazama tu. Mwishowe anamuuliza.

"Mke wangu, mteja akitaka huo si ungemfukuza?"

Bernabé anamwomba binti yake aende na mnyororo huo gatini, aushushe kwenye kina, auvute.

Mara ya kwanza Nayaret anauinua. Mara ya pili anaufikisha nusu. Mara ya tatu anaketi kwenye mbao zilizolowa, anahema, viganja vimechubuka.

"Mama," anasema, "huu nitauacha nyumbani."

Herminda analia pale pale, mbele ya wapakuzi wa samaki, wala hajifichi. Kisha anarudi ndani, anakata mita kumi za mnyororo wa milimita nane, anaunganisha kamba ya mita sitini. Anamweleza binti yake kwamba kamba ikiachiwa ndefu, nanga hulala na kujichimbia. Ikiwa fupi, mashua huing'oa.

Nayaret anauvuta mara tano bila kupumzika. "Sasa hapa umeninunulia mkufu," anamtania.

Herminda ana mpango mpya. Kuanzia wiki ijayo, kopo la tope pekee halitatosha: kila mteja atauvuta mnyororo wake gatini mara tano kabla ya kulipa. Anajua watamsema. Bernabé amejitolea kuwahesabia.

Na kesho, Nayaret akishuka majini?

"Nitaogopa vile vile," anasema Herminda, akifuta grisi mikononi. "Ila hofu yangu nitaibeba mwenyewe. Sitamtwika tena mtu."