Muthokoi Ndani ya Sanduku la Vitabu

Haya, mnicheke, mimi mwenyewe nilishajicheka baada ya kulia, lakini mjue hadi leo wanafunzi wa chuo chetu hapa Kitui hawanijui kwa jina, wananiita Muthokoi.

Nafanya kazi maktaba, kwenye kaunta ya kuazima vitabu, na wakati huo mimi na mwenzangu Mutinda tulikuwa vibarua wa kandarasi, nafasi ya kudumu ikawa moja tu, na jina la kupelekwa kwa wakubwa wa chuo lilikuwa mkononi mwa bosi wetu, Madam Kalekye. Kwa hivyo nilijifanya mkali. Mandazi, njugu, hata peremende (ndiyo, peremende), nilikuwa nawanyang'anya wanafunzi, na ile karatasi kubwa ya HAKUNA CHAKULA HUMU niliibandika mimi. Kuna msichana wa mwaka wa kwanza, Mwikali, nilimpokonya chapati mbele ya watu wote, akabaki ananiangalia tu.

Lakini sisi wafanyakazi (msiseme nimesema) tulikuwa tunakula humo humo, kwenye chumba cha kushonea vitabu, kila mtu na zamu yake ya kuleta chakula, maana Madam alisema sisi si timu, sisi ni familia, na tisheti tulichapisha kabisa, FAMILIA MOJA mgongoni. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu, nikabeba sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu ya Kikamba yaliyokobolewa, maharagwe yameiva, mchuzi wa kutosha, nikijua hawa wakishiba hawatanisahau.

Kumbe ndiyo siku wageni wa chuo kingine wanakuja kujifunza tunavyoshirikiana! Baada ya maombi ya asubuhi Madam akasema, "Wageni wakifika kaunta ifungwe, sitaki msongamano." Mimi na kujipendekeza kwangu nikakimbia nje nikabandika tangazo: rudisha vitabu kupitia tundu la ukutani. Ukisukuma kitabu pale kinateleza mpaka ndani ya sanduku la mbao nyuma ya kaunta. Nikajiona mjanja sana.

Wageni wakaja mapema, wakataka kuanza na chumba cha kushonea. "Ficha hiyo kitu!" Mutinda akaninong'oneza, na yeye alikuwa ameshaonja mara mbili. Nikanyakua sufuria, kifuniko nikakiacha, nikatazama huku, nikatazama kule, nikaona sanduku, nikaisukuma ndani, nikasimama mbele yake mikono nyuma kama askari. Tangazo langu? Nilikuwa nimelisahau kabisa.

Wakarudi kwenye kaunta. "Hapa vitabu ni watoto wetu," Madam akawaambia, "hata tone la maji haliwezi..."

Pwaa!

"Ni nini hiyo?"

"Ni kitabu, Madam," nikasema, na hapo sikudanganya.

Pwaa tena. Mchuzi ukaanza kutoka chini ya sanduku polepole, ukaelekea kiatu cha mgeni, na mgeni, mtu mpole sana, akaomba aone hiyo mbinu yetu ya kupokea vitabu. Madam akafungua mwenyewe. Asi! Kitabu cha uchumi, kile kinene, kimesimama wima juu ya mwenzake katikati ya muthokoi kikitoa mvuke.

"Hii sufuria ni ya nani?"

Familia moja ghafla ikawa na shughuli. Mutinda akaangalia dari. Mama mwenzetu wa sehemu ya magazeti akaanza kupanga magazeti yaliyokuwa yamepangwa. Nikatamani ardhi inimeze.

"Ni yangu, Madam."

Basi mlangoni kukachungulia Mwikali, amekuja kuuliza kama kitabu chake kimekwama. Akaangalia sanduku, akaangalia karatasi yangu ya HAKUNA CHAKULA, akauliza kwa adabu zote, "Na chapati yangu, sir, ulipeleka wapi?"

Niliila na chai. Nadhani uso wangu ulisema hivyo, maana wageni walicheka mpaka mmoja akaomba kiti.

Jioni nilikuwa nimechuchumaa napangusa kitabu cha uchumi ukurasa kwa ukurasa, na Mutinda akaja, nikadhani amekuja kunisaidia. Akainama juu ya sufuria. "Haikubaki hata ya chini?"

Jina lililopelekwa lilikuwa lake. Madam alisema ana moyo wa timu.

Mimi nimeapa: mwanafunzi akitafuna naangalia dari, kama nilivyofundishwa, na zamu yangu ikifika naleta mkate mkavu, familia ijitafutie chai.