Kamera Iliyofutika Jina

Siku yangu ya kwanza kazini, Bosi wa studio ya Nyamitanga, mjini Mbarara, hakunipa kamera. Alinipa kitambaa laini, nikapangusa lenzi mpaka saa sita. Nilikuwa nimetoka kambi ya Nakivale asubuhi hiyo, mkimbizi wa Kivu Kusini, nikidhani najua foto.

"Hii kampuni ya Wajapani iliyotengeneza kamera zetu ilianza na lenzi," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Mbarara. "Kamera ilikuja nyuma. Wewe pia anza na lenzi."

Filamu ilikuwa na adabu yake. Moja ilikuwa na pozi thelathini na sita, kwa hiyo hukuthubutu kupiga ovyo. Ukishaisafisha kwenye chumba cha giza unabaki na negativi, kile kipande ambamo cheupe huonekana cheusi, na tuliitunza ndani ya mkebe pamoja na jina la mwenyewe. Mtu akipoteza picha yake alirudi hata baada ya miaka mingi, tukamtolea nyingine. Nilipelekwa studio ya Kakiika, kisha Bosi akanirudisha huku Misiera, ndani ya Nakivale, nifungue tawi, na mikebe yangu nikaja nayo.

Halafu ikaja dijitali. Kampuni ni ileile, na mdomo wa kushikia lenzi haukubadilika, hata lenzi nilizopangusa siku ile ziliingia bila shida. Hapo ndipo nilipodanganyika. Nilidhani kilichobadilika ni tumbo tu, kadi mahali pa filamu.

"Kadi ikijaa, toa picha kwa karatasi, halafu futa," Bosi aliagiza.

Nikawa nafuta kila Jumamosi. Tena nilifurahi, maana mikebe ilikuwa imenijazia nyumba.

Mama Eriki, Mrundi anayeuza maharagwe karibu na studio, alimleta mwanawe siku ya komunio ya kwanza. Nilimsimamisha ukutani, shati jeupe, mikono imeshikana. Nikawapa picha yao, Jumamosi nikafuta. Mwaka haukuisha, malaria ikamchukua Eriki. Masika yaliyofuata maji yakaingia nyumbani kwao, picha ikageuka uji.

Akaja. "Papa Foto, unitolee ingine. Tulikuwa na ile moja tu."

Mkono wangu ulikwisha kufungua mkebe kabla kichwa hakijakumbuka.

"Mama, hayumo. Nilimufuta."

"Ulimufuta Eriki?"

"Kadi ilikuwa imejaa."

Hakunitukana. Alikaa kwenye benchi ya wateja, akavua kanda mbili zake, akazivaa tena, akaenda. Angenitukana ningepumzika kidogo. Naona haya mpaka leo, na sina pa kuipeleka haya hiyo.

Sasa nimestaafu, macho yamechoka na mgongo pia. Vijana wanaopiga picha kwa simu wananiita mzee wa mikebe, sawa tu. Jina la kampuni limefutika kwenye kamera kwa vidole vyangu mwenyewe, na betri ilikufa zamani. Nawaambia vijana watunze picha za watu, wanaitikia ndiyo papa, kisha wanafuta.

Jumapili nyingine, akitoka misa, Mama Eriki hupita kwangu, palepale palipokuwa studio, na kuomba ile kamera. Anaweka jicho kwenye kidirisha chake, anaugeukia ukuta.

"Alisimama fasi gani?"

Nanyanyuka, nasimama pale aliposimama mtoto, nashikanisha mikono, nangoja mpaka atosheke.