Bapa la Msumeno na Barua Yangu

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Nililetwa kutoka Tanga kufundisha fizikia chuo cha ualimu Kasulu, na tangu wiki ya kwanza nilimtilia shaka mtaalamu wetu wa maabara. Ni dada aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, wazazi wake Warundi, sasa wote raia wa Tanzania.

Nilitaka wanachuo waelewe ile hadubini inayopapasa vitu vidogo kuliko vumbi kwa ncha inayotikisika. Ya kweli hatuna. Tukaunda mfano wake mkubwa: bapa la msumeno wa chuma, mota ya kulitikisa, na sumaku ya spika mbovu chini ya ncha. Asubuhi nilipima mimi, nikiongeza mwendo wa mota kidogo kidogo. Mchana alirudia yeye. Namba hazikulingana hata siku moja! Kwa mwendo uleule, kwangu bapa lilitikisika kiduchu, kwake liliruka kwa fujo.

Nikasema moyoni, huyu anapika namba. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule. Nikamwandikia mkuu wa chuo barua kwamba asiongezewe. Nikataja na kambi aliyozaliwa, kana kwamba ni ushahidi.

Kisha nikataka kumkamata papo hapo. Alhamisi mchana niliingia maabara kimya kimya, nikamkuta anapunguza mwendo badala ya kuongeza.

"We dada, nani kakwambia uanzie juu?"

Akashtuka. "Naanzia pale ulipoachia, mwalimu. Nikiirudisha swichi ya mwendo mwanzo, si itakuwa nakukosoa kwamba uliiacha juu?"

Nikapima mwenyewe, nikishuka. Loo! Namba zake zikatoka zote. Kwa ile sumaku, bapa likishachangamka haliachi kuruka mpaka upunguze mwendo sana. Mwendo mmoja, majibu mawili, yote ya kweli. Inategemea umetokea juu au chini. Jambo hilo nililisoma chuo kikuu na mtihani wake nikafaulu. Halikunijia, maana mwizi wangu nilikuwa nimeshampata.

Aibu ilinishika. Nikakimbilia kwa mkuu kuomba barua yangu, nikarudi nayo mfukoni.

"Dada, kuna barua niliandika..."

"Naijua. Aliyeipokea pale ofisini naimba naye kwaya. Tangu Jumatatu naijua."

"Sasa mbona hukuja kujitetea?"

Alikuwa anafuta bapa kwa kitambaa, hakuinua macho.

"Ningekuja kukwambia nini, mwalimu? Kwamba sikuzaliwa kambini?"