Kinyozi Aliyesubiri Kuambiwa

Kwenye koo za watu mkono wa kinyozi ulikuwa mtulivu, lakini kwenye upinde ulikuwa na kiherehere cha ajabu. Akivuta kamba hata nusu, vidole vinaachia vyenyewe na mshale unakwenda kuchoma nyasi. Wateja walimtania kwamba saizi yake ni wembe.

Mkewe, fundi cherehani, ndiye aliyemfundisha, na ndiye aliyemtibu. Kila Jumapili walikwenda uwanjani, nyuma ya ghala la mbao, ambako shabaha zilibandikwa kwenye marobota ya nyasi kavu. Mke alimsimamisha ubavu, akamtanua miguu usawa wa mabega, akamkumbusha kidole kimoja juu ya mshale, viwili chini. Avute kwa misuli ya mgongo, si kwa ubishi wa mkono, mpaka kiganja kifike chini ya taya. Kisha yeye husimama nyuma yake, akamwekea mkono kati ya mabega na kumwambia, "Bado... bado... haya." Hapo ndipo kinyozi anapoachia. Miaka nenda miaka rudi, hakuwahi kurusha mshale bila neno hilo. Zilikuwa siku tamu zile. Wakirudi nyumbani hugombania nani abebe podo la mishale, watu wazima na akili zao.

Mkewe alipofariki, upinde ulikaa juu ya kabati. Alipourudia, ugonjwa ulikuwa umegeuka. Sasa alivuta vizuri, mkono ukafika tayani, na vidole vikakataa katakata kuachia. Alingoja mpaka mabega yakamtetemeka, akairudisha kamba taratibu, mshale usije ukaenda ovyo. Alilia palepale, wala hakujificha.

Jumapili iliyofuata alikwenda na binti yake. Alikuwa ameshaamua kwamba leo akishindwa, binti angeondoka na upinde, asiuone tena machoni pake. Ilimuuma sana, maana hakikubaki kitu kingine walichokuwa wakikifanya yeye na mkewe.

Binti alijitolea kulisema lile neno. Akalisema, akalirudia, lakini vidole havikumsikia.

"Baba, nikwambie kitu?" binti akasema. "Mama hakuwa anaangalia shabaha. Alikuwa anasikiliza mgongo wako kwa mkono. Ukishatulia, ndiyo anasema. Aliniambia mwenyewe, huku anacheka."

Kinyozi akapachika mshale, akavuta. Safari hii hakungoja sauti ya mtu. Alisikiliza mgongo wake mwenyewe, misuli ikakaza, pumzi ikashuka, kisha pale kati ya mabega pakatulia kimya. Vidole vikalegea kabla hajavituma.

Mshale ulitua kwenye duara la manjano, katikati kabisa ya shabaha. Binti alipiga makofi, lakini baba yake hakumwona. Alikuwa ameshageuka nyuma, uso wote kicheko, kumwonyesha mkewe.