Siku Mwamba Ulipojipaka Msiro

Nikisikia kijiti cha msiro kikisagwa juu ya jiwe, na ile harufu yake ya mti mbichi ikipanda, mimi hurudi utotoni, ufukweni kwetu ng'ambo ya kisiwa cha Rongui. Msiro ni ule uji mweupe tunaojipaka usoni sisi wanawake wa huku ili ngozi iwe laini.

Kwetu mama humrithisha binti tundu la pweza. La mama yangu lilikuwa chini ya tumbawe kubwa la kahawia, naye alilipata kwa bibi. Hakuna mwanamke mwingine aliyethubutu kutia chuma chake cha kuchokolea pweza humo. Aliniahidi kwamba maji ya bamvua, yale yanayokupwa mbali kuliko siku zote, yakitoka, atanikabidhi. Msinicheke, siku hiyo nilitembea kwa maringo kama mwenye jumba.

Maji yalikuwa ya moto, mpaka tukawa tunainua miguu. Tulipoufikia mwamba, subhanallah! Matumbawe yote yalikuwa meupe pe, na mengine yaling'aa samawati na waridi. Sijaona tena kitu kizuri kama kile.

"Mwamba umejipaka msiro," mama akasema. "Chini huko kuna harusi."

Akapiga kigelegele, na wanawake wenzake wakakipokea, vikavuma mwamba mzima. Nikachokoa pweza wangu wa kwanza, mama akinitania kwamba bibi harusi amenitunza.

Mabamvua machache baadaye, weupe ulikuwa umekwisha. Tumbawe letu lilifunikwa na majani ya utelezi, na samaki wadogo hawakuonekana. Mama alitia chuma tunduni, akakitoa kitupu, akatia tena.

"Atarudi, mwanangu," akaniambia.

Hakurudi. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipojifunza kwamba tumbawe ni kiumbe hai. Ndani yake hukaa vijimea vidogo mno, vinavyolipatia rangi na chakula. Bahari ikizidi joto, tumbawe huvitoa, likabaki uchi na mfupa wake ukaonekana. Joto lisipopungua upesi, hufa kwa njaa. Lo! Kumbe sisi tuliipigia njaa vigelegele.

Siku hizi binti yangu naye hujipaka msiro. Mama, ambaye sasa ni mzee, humtazama weee, kisha humwita.

"Kanawe, mjukuu wangu," humwambia. "Nikuone rangi yako."