Hodi Haitoshi

Mzee alisimama mbele ya dirisha la maabara, akaishika karatasi yake kwa mikono miwili, akauliza kwa sauti iliyosikika benchi zima: "Binti, hapa pameandikwa nina mimba. Mke wangu nitamwambia nini?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, hakucheka. Yeye ndiye mwandishi wa programu za kompyuta pale hospitalini, na programu inayochapa majibu ya vipimo aliiandika kwa mkono wake. Mwisho wa benchi alikaa mama mjamzito mwenye karatasi ya majibu yale yale. Majina yalikuwa tofauti, kwa sababu jina hubandikwa juu baada ya karatasi kutoka. Majibu ya mzee yalikuwa yamepotea.

"Mama Kompyuta, mzee wa watu umemtia mimba!" alisema fundi mmoja wa maabara, yule wanayemwita Miwani.

Mganga mkuu hakuwa na utani. "Leo tumecheka. Mwingine ataambiwa mzima kumbe anaumwa. Kesho mchana nionyeshe kosa liko wapi. Usipolionyesha, programu hii tunaing'oa na tunarudi kwenye kalamu."

Miaka yote ile programu ilikuwa haijakosea hata mara moja, na watu walishasahau foleni za enzi za kalamu. Ila mwezi huo maabara ilikuwa imepata mashine ya pili ya kuchapia majibu.

Jioni mama mdogo alikaa mezani akasoma mstari kwa mstari, chai ikapoa mbele yake. Kabla ya kuchapa, programu huandika majibu kwenye faili la muda, ndani ya folda inayotumiwa na mashine zote mbili. Printa ikimaliza, faili linafutwa. Jina la faili lilitokana na saa ya wakati huo. Hakuwa mzembe: programu iliuliza kwanza kama jina limeshachukuliwa, na ikiambiwa bado, ndipo iunde faili.

"Si inauliza!" alilalamika, kana kwamba kompyuta imemsingizia. "Inauliza vizuri kabisa!"

Asubuhi aliamka macho mekundu. Nyumba yetu, tunayoishi na bibi, mama yake, ina bafu moja. Akagonga mlango wake, "Hodi!" Kimya. Akarudi chumbani kuchukua taulo, akaja akausukuma mlango.

"We!" Bibi alipiga kelele kutoka ndani, povu mpaka masikioni. "Huna haya?"

"Mama, nilipiga hodi!"

"Ulimpigia nani? Mimi nilikuwa bado sijaingia!"

Mama mdogo akasimama palepale na taulo lake begani. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Unanicheka uchi wangu?"

"Hapana, mama. Nacheka hodi yangu."

Alikwenda kazini bila kuoga. Kosa lilikuwa limekaa pale kati ya kuuliza na kuingia. Mashine zote mbili zikibonyezwa sekunde moja, zote zinapiga hodi kwa jina lile lile, zote hazijibiwi, zote zinaingia. Ya pili inaandika juu ya majibu ya mwenzake, na printa zinatoa karatasi mapacha.

Akalifuta lile swali. Mahali pake akaweka amri moja tu: unda faili hili, na kama lipo tayari, nikatalie. Kuangalia, kuingia na kufunga komeo vikawa tendo moja, lisilo na upenyo wa mtu kupita katikati. Programu ikikataliwa, inatafuta jina jingine. Majina yenyewe hayatoki tena kwenye saa. Ni herufi zilizokorogwa, mtu asiweze kuyabahatisha. Na faili linazaliwa limefungwa, halisomwi na yeyote isipokuwa aliyeliunda.

Mchana mganga mkuu alikuja na mikono yake nyuma. Mama mdogo alianza na programu ya zamani. Kati ya kuuliza na kuunda alikuwa ameiongezea usingizi mdogo, yaani isubiri kidogo, kosa lisipate pa kujificha. Miwani akakaa kwenye mashine moja, yeye kwenye nyingine.

"Moja, mbili, chapa!"

Karatasi mbili, majibu yale yale. Mganga mkuu akaziweka moja juu ya nyingine, akaziinua kwenye mwanga.

"Sasa mpya. Nazilazimisha zote zianze na jina moja, tuone."

Wakabonyeza. Mashine ya Miwani ilikataliwa, ikachukua jina jingine bila kelele, na kila mtu akapata yake. Wakarudia. Wakarudia tena, mpaka printa zikaishiwa karatasi.

"Acha iendelee," alisema mganga mkuu. "Na mashine ya tatu nitaiagiza." Miwani alipiga makofi peke yake, kisha maabara nzima ikamfuata.

Mzee wa jana alipimwa upya, akaitwa dirishani.

"Kwa hiyo sina?"

"Huna, baba. Una minyoo tu."

"Mke wangu atasikitika. Alishaanza kuchagua jina."

Mama mdogo alipofika nyumbani hakugonga mlango wowote. Aliingia bafuni moja kwa moja, komeo likalia kacha!, na maji yakafunguliwa.

"Nani huyo ndani?" Bibi aliuliza, taulo mkononi.

Akajibiwa kwa wimbo, wa sauti kubwa, wa mtu asiye na haraka.