Vyungu vya Maharagwe Kutoka Italia

"Udongo wa Italia umeushinda wetu kwa nini?"

Mama yangu aliniuliza hivyo jioni niliyompelekea habari kwamba tajiri wangu anataka kunichukua hadi Ulaya tukanunue vyombo vya udongo. Alikuwa ameketi nje ya nyumba yetu akichambua maharagwe, katika shamba la mlowezi karibu na Turbo ambako baba alikuwa karani. Mama alizaliwa Maragoli, katika ukoo wa wafinyanzi, na mikono yake ilijua udongo kabla haijajua jembe. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu kule Kampala, na hapakuwa na mwalimu aliyemaliza somo bila mimi kumbishia. Swali la mama lilinishinda. Nilimwambia nitajua nikifika.

"Ulisoma ili ukimbie vyungu," alisema. "Sasa unalipiwa meli uvifuate."

Ninyi mnaoanza kazi leo mna bahati ya kuchagua. Wakati ule msichana aliyesoma alitakiwa awe mwalimu au muuguzi, basi. Niliuliza ni nani aliyepanga hivyo, na kwa kuwa hakuna aliyenijibu, nikaomba kazi katika duka la vyombo vya nyumbani kwenye barabara kuu ya Eldoret. Walowezi walinunua hapo sahani, majagi, taa za mafuta na birika.

Siku ya kwanza nilipokewa na Meneja, Mwingereza mrefu aliyekuwa askari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alizungumza Kiswahili cha mashambani, kile cha kuamuru. "Wewe nasoma sana," alisema. "Kwa nini hapana fundisha watoto?" Nami nikamuuliza kwa nini askari anauza vikombe. Hakucheka. Alinyoosha kidole kuelekea stoo; asubuhi ningefungua mizigo huko, mchana ningekaa kaunta.

Mkuu wa stoo alikuwa mzee kutoka Moiben, mtu wa maneno machache. Alinifundisha kufungua kasha bila kulitikisa, kutoa majani makavu yaliyozungushiwa vyombo, na kutonyanyua jagi kwa sikio lake, maana sikio hushikizwa baadaye na ndilo hung'oka kwanza. Somo la kugonga nilikuja nalo mwenyewe. Unakiweka chombo juu ya kiganja, unakigonga kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia kama kengele. Chenye ufa, hata kama jicho halioni kitu, hukoroma kama mtu mwenye mafua. Hivyo ndivyo mama alivyofanya maisha yake yote.

Kumbe mwenye duka alikuwa akinisikiliza mlangoni. Alikuwa mama wa Kiitalia, mjane wa fundi wa mawe, na sote tulimwita Sinyora. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Kila baada ya muda alisafiri kwao kununua vyombo vilivyotengenezwa kwa mkono, na safari ya mwisho alileta sahani nyingi zenye nyufa.

"Macho yangu nakwisha," aliniambia. "Wewe iko na masikio. Twende pamoja."

Meneja alipinga mbele yetu sote. Alisema mtu asiyewahi kula kwenye meza ya mzungu hawezi kuinunulia vyombo. Sinyora hakutaka kugombana naye, wakakubaliana hivi: ningekwenda kama mnunuzi wa duka, cheo ambacho Mwafrika hakuwahi kukishika pale, wala mwanamke mwingine yeyote ila mwenye duka mwenyewe. Nilichokichagua kisipouzika, narudi kaunta na habari ya ununuzi inaishia hapo. Nilikitaka cheo kile kuliko nilivyowahi kuitaka digrii.

Nisiwachoshe na habari za meli. Tulifika kwenye mji mdogo kilimani ambao kila kichochoro kilikuwa na mfinyanzi. Kwetu wanafinyanga wanawake. Wanasokota udongo kama kamba, wanaupandisha mzunguko juu ya mzunguko, kisha wanachoma vyungu uwanjani chini ya kuni na majani. Pale waliketi wanaume kwenye gurudumu linalozungushwa kwa mguu, na walichoma ndani ya tanuri la matofali. Kisha walipaka kile nilichokiita ngozi ya kioo, uji mwepesi wa madini unaong'aa ukichomwa tena. Nilimwomba Sinyora awaulize kwa nini kazi hii ni ya wanaume. Mmoja akataka kujua kwa nini kwetu ni ya wanawake.

Makasha mawili tuliyajaza sahani za maua ambazo Sinyora alikuwa ameagiza mapema. Nilizigonga zote. Moja kubwa ilikuwa na tundu nyuma la kuitundikia ukutani, nikamuuliza sahani ya ukutani inakula nini. Alisema inakula macho ya wageni.

Kasha la tatu lilikuwa langu kulijaza, na hapo nikakwama. Katika ukoo wa mama, mnunuzi anapogonga chungu, mfinyanzi hugeuza uso pembeni. Ndiyo namna yake ya kusema kwamba haiogopi kazi yake. Anayekukodolea macho anajua kuna ufa mahali. Basi kila nilipogonga, wafinyanzi wa Kiitalia walinikodolea macho, nami nikawashukuru na kutoka. Tuliacha karakana moja, tukaacha ya pili, tukaacha nyingine na nyingine, hadi Sinyora akaketi kwenye ngazi za mtu, viatu mkononi, akanitaka nimwambie ni ugonjwa gani umenipata.

Nilipomweleza alicheka mpaka akajipangusa machozi. "Hapa kwetu," alisema, "mtu nageuza uso, huyo ndiyo mwizi."

Tulirudi nyuma. Karakana niliyoichagua ilikuwa ya mzee mmoja ambaye hakuchora maua wala ndege. Alifinyanga vyungu vya maharagwe tu, vya rangi ya kahawia, tumbo nene, mdomo mwembamba, masikio mawili na kifuniko. Ndani vilipakwa ngozi ya kioo, nje udongo mtupu. Vililia vizuri kuliko chochote nilichogonga katika nchi ile. Sinyora alikunja uso.

"Hii ya watu wa shamba," alisema. "Mama yangu alikuwa napikia hii."

"Chakula chake kilikuwa kibaya?"

Alikipapasa kile chungu kwa vidole, kwa kuwa macho hayakumsaidia. "Hapana," alisema mwishowe. "Nunua. Lakini Meneja tasema."

Na alisema. Makasha yalipofunguliwa Eldoret, alitoa chungu kimoja kwenye majani, akakigeuza-geuza, akakirudisha. Kisha akanigeukia. "Nani tanunua hii? Mwisho ya mwezi kama iko hapa, wewe rudi kaunta."

Sahani za maua zilikwisha upesi. Vyungu vyangu vilibaki kwenye rafu vikikusanya vumbi. Memsahib mmoja, mke wa mlowezi, aliuliza kama ni vya kupandia maua. Mwingine alinipa pole, akidhani nimetumwa kuviuza kwa adhabu. Vijana wa kaunta walinisogezea kiti changu cha zamani, eti kisinisahau. Mimi niliyezoea kuhoji kila mtu, sasa nilianza kujihoji mwenyewe, na majibu yangu hayakunipendeza.

Mwezi ukiwa umevuka nusu aliingia Mzee Wafula na kikapu chake. Nilimfahamu, kila mtu alimfahamu: alikuwa mpishi wa Meneja. Alisimama mbele ya rafu.

"Msichana wa chuo, hivi vimetoka Maragoli?"

"Vimetoka Italia, Mzee."

"Kumbe wazungu nao wanafinyanga. Nilidhani vyombo vyao vinaota dukani."

Alichukua kimoja, akakiweka kiganjani, akakigonga. Bila kufikiri niligeuza uso nikatazama dirishani. Alipoona hivyo akacheka.

"Sasa nimejua wewe ni wa nani," alisema. "Nifungie hiki. Sufuria inaunguza maharagwe yangu kila siku."

Nilimnong'oneza kwamba Meneja hatafurahi kukikuta jikoni.

"Kazi ya Meneja ni kula," alisema Mzee Wafula. "Jikoni ni kwangu."

Niliipenda jeuri ile. Nilimwona kama shujaa, mpishi aliyemzunguka tajiri wake ili aniokoe. Jumapili, wapishi walipokutana baada ya ibada, aliwaambia wenzake jinsi chungu kile kinavyoivisha maharagwe pole pole kwa moto mdogo bila kushika chini. Wiki iliyofuata walikuja wengine, na wengine wakaja na memsahib zao, wakiwaonyesha kwa kidole. Ndipo nilipoelewa kosa letu sote dukani. Tulikuwa tunamuuliza anayekula, na kumbe chombo kinachaguliwa na anayepika. Mwezi haukuisha rafu ikawa tupu.

Meneja alikuja kuitazama ile rafu. "Wewe iko mnunuzi," aliniambia, akaenda zake.

Wateja walipotaka vyungu zaidi, Sinyora hakuwa tena na nguvu ya safari. Nilimwomba lori nikaenda Maragoli na mama yangu, akanitembeza kwa shangazi zake. Tulirudi na vyungu vya mviringo visivyo na ngozi ya kioo. Niliwafundisha wateja kupikia kwanza uji mwepesi ndani yake ili viunyonye na kuziba vitundu vyake. Vilipangwa rafu moja na vile vichache tulivyoagiza kwa barua kutoka Italia, na Sinyora alivipapasa vyote akasema ni ndugu. Mama alikuja siku moja kuviona. Alivisogeza vya Maragoli mbele kidogo.

Sinyora alipofariki duka liliuzwa. Nilifanya kazi kwa wamiliki wengine wawili, kisha nikaongoza ushirika wa akina mama wafinyanzi hadi nilipostaafu. Sasa nakaa mtaa wa Munyaka, hapa Eldoret, na wajukuu wanaonibishia, nami nafurahi. Vijana wanaponijia kuomba ushauri nawaambia wasiache kuuliza, ila wachunguze wanamuuliza nani. Mimi nilimhoji kila mtu isipokuwa yule niliyeamini namwelewa.

Baada ya kustaafu nilimtembelea Mzee Wafula kwake Turbo. Alikuwa amezeeka sana, lakini akili ilikuwa yote. Nilimshukuru kwa siku ile aliponunua chungu kwa siri bila kumwogopa tajiri wake.

"Siri gani?" alisema. "Meneja ndiye alinituma. Alinikataza kukwambia."

Kisha akanieleza jambo ambalo Meneja hakumsimulia mtu mwingine Eldoret nzima. Wakati wa vita alitekwa, akafungwa Italia, akatoroka kambini, na familia moja ya wakulima ikamficha ghalani majira yote ya baridi. Walimlisha maharagwe, yaliyopikwa kwenye chungu cha kahawia chenye masikio mawili.